Ndege ya Muli na Rejeta ya Pikapu

Mjukuu wangu Mutua,

Natangaza kwa heshima zote kwamba jogoo wa nyanya yako amehamia kwa jirani na amekataa kurudi. Sisi wengine hapa Emali tuko salama.

Umeniuliza kuhusu kutumia injini ya gari kwenye hiyo ndege mnayounda chuoni, na oili gani mtumie. Mtaalamu umempata: mimi hata baiskeli hunishinda.

Lakini rafiki yangu Muli alijaribu. Kwenye ndege aliyojiundia alifunga injini ya pikapu na rejeta yake ya kupoza maji, akatia oili nzito ya malori akidhani itavumilia joto. Siku ya kuruka tuliifunga ndege kwa kamba mtini kwanza ili tuijaribu, akawasha injini na kuikanyagia mafuta hadi mwisho. Mshale wa joto ukapanda. Oili ikawa nyepesi kama chai, presha yake ikashuka.

"Hata malori huchemka mlimani," nikamwambia.

"Hayo husimama kando yapoe. Mimi huko juu nitasimama wapi, wewe?"

Akazima.

Watu husimulia kwamba Muli aliruka hadi Kitui. Ukweli ni kwamba hatukuifungua ile kamba mpaka injini ilipopoa. Tuliisukuma ndege hadi kwake, naye akala chakula cha jioni na watoto wake.

Babu yako