Pilipili za Mama Hansa

Mjukuu wangu Akinyi,

Huko Mombasa hujambo? Sisi hapa Suna tuko salama, goti la babu yako limepata nafuu.

Umeniuliza pilipili kavu za mchuzi wa Kihindi huchaguliwaje. Itikise sikioni usikie mbegu, kisha ivunje unuse. Alinifundisha Mama Hansa, Mhindi aliyekuwa mteja wangu sokoni Rodi Kopany miaka ya tisini.

"Zako sivunji tena," aliniambia baadaye, akawa anabeba tu.

Siku moja nikamwekea zenye ukungu chini, nzuri juu. Hakunigombeza. Siku ya soko iliyofuata aliinama, akazivunja moja moja, akinusa. Nilitaka kumwomba msamaha, nikabaki kukunja gazeti la kumfungia.

Hakuacha kuzivunja mpaka walipohama.

Dani, nyanya yako