Gogo la Kapolowe

Yaya Godelive, dada yangu mkubwa wa utani,

Habari ya kwanza ninayokuletea ni kwamba umemshinda mamba. Ndiyo, wewe. Ulisimama katika maji ya Kapolowe, ukamnyooshea kidole, ukamkemea kwa jina la Yesu, naye akageuka akaenda zake kwa adabu. Watu walipiga vigelegele kanisani kwenu waliposikia. Mimi niliyekuwa ukingoni siku ile nimeshika viatu vyako, nimeipata habari hii mwaka huu, kutoka kwa Pastere Trésor, mchungaji wenu kijana, ambaye siku ile alikuwa bado ananyonya.

Najua unacheka. Acha nicheke nawe kidogo, maana hapa Likasi sijapata wa kucheka naye tangu ulipoondoka.

Wewe na mimi tunajua kilichotokea. Waliotaka ubatizo walikuwa wamevaa nyeupe, maji yamewafika kiunoni, nawe uliye kiongozi wa akina mama ukawa unawahubiria habari za Petro aliyetembea juu ya maji, akaona upepo, akazama. Ulimsema Petro vibaya sana. "Minye ningekuwa Petro, ningefika mpaka ng'ambo!" Hapo mtu mmoja akapiga kelele: mamba! Wewe ulikuwa wa kwanza kutoka. Kitenge kilibaki majini, wigi likaelea peke yake, ukanipita na shimizi yako kama upepo mpaka barabarani, ukawaacha waliotaka wokovu wakitafuta njia yao. Kisha wavuvi wakavuta kile kitu nchi kavu. Gogo. Gogo la mti lililooza. Uliporudi ukaliona, ulikaa chini kwenye matope ukacheka mpaka ukaomba maji ya kunywa. "Muntu asiniulize tena mambo ya Petro!"

Huyo ndiye Yaya Godelive niliyempenda. Huyo wa mamba simjui.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyofika hapo.

Ulipozikwa, Pastere Trésor alikataza watani. Alisema ni mambo ya mila, hayana nafasi kwa mtu aliyeokoka. Kwa hiyo sisi wa ukoo wa mbuzi, ambao kazi yetu tangu mababu ni kuwacheka ninyi wa ukoo wa chui hata mkiwa ndani ya sanduku, tulikaa kimya kwenye viti vya plastiki kama watu wanaongoja zamu kwa daktari. Hakuna aliyevaa nguo zako. Hakuna aliyeiga sauti yako ukigombana na mnunuzi juu ya kipimo cha bunga, unga uliouza miaka yote. Ulizikwa kama mgeni, Yaya. Hakuna aliyekucheka. Nilirudi nyumbani nikavunja sahani, na sikuvunja kwa bahati mbaya.

Kisha ilipokaribia siku ya kumaliza kilio, Solange, binti yako, alikuja kwangu. Aliniomba niandike maisha yako yasomwe mbele ya watu, kwa sababu mimi ni mwalimu na nilikuwa nawe miaka yote. Niliandika kwa furaha. Niliweka kibanda chako cha bunga, na mumeo aliyerudi kila jioni kutoka machimbo ya Kakontwe mweupe kwa vumbi la chokaa hata watoto wakamkimbia, na zile Jumamosi zetu za kubishana kibandani. Na gogo.

Solange alisoma, akafika kwenye gogo, akakunja karatasi. "Mama mwalimu, Pastere anasema haikuwa vile. Anasema ilikuwa mamba." Nilimwendea huyo kijana, nikamuuliza nani alimwambia. "Inajulikana, mama." Inajulikana! Nimesoma vitabu vingi, Yaya, na shahidi ninayemwogopa kuliko wote ni huyo, Inajulikana.

Naungama kwamba furaha ya ushindi ilinipanda kichwani. Nilitaka kuja kaburini nikupigie kelele. Umeona? Si ndicho nilichokuambia miaka yote, nimekaa juu ya gunia lako huku vitabu nilivyoazima kwenye chuo cha Mulungwishi vikipata vumbi la bunga? Barua za Paulo ndizo za kwanza kuandikwa, nazo ni kama miaka ishirini baada ya msalaba. Marko aliandika karibu na wakati hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa, yaani kama miaka arobaini hivi. Mathayo na Luka baada yake, Yohana baada ya wote. Tena kwa Kigiriki, habari za mtu aliyesema Kiaramu! Na majina ya waandishi wa Injili hizo hayakuwamo ndani ya maandishi yenyewe. Na katika nakala kongwe kabisa Marko anaishia pale wanawake wanapokimbia kaburini kwa hofu bila kumwambia mtu neno, mpaka baadaye mkono mwingine ukaona haufai mwisho huo, ukaongeza mzuri zaidi. Na hapa kwetu, Yaya, watoto wa siku ile ndiyo kwanza wameota ndevu, na gogo limeshaota meno!

Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimekushinda kabisa, na wewe hupo kujibu.

Ila ulikuwa umeshajibu. Kila niliposema miaka arobaini, uliinua kichwa kutoka kwenye mzani, ukauliza neno lile lile: "Na bale balioona, bote balikufa siku moja?"

Wale walioona, wote walikufa? Mimi niliona. Na mimi sijafa.

Basi nikamwambia Solange wazi, uso kwa uso, kwamba mamba sitamsoma. Ama gogo, ama wasome wengine. Mtoto wako ana kichwa chako. Alisimama. "Bakwe yangu banatoka Lubumbashi. Mama asichekwe mbele yao. Ukisema ile ya shimizi, usinihesabie tena kama mutoto yako." Akaondoka bila kuaga. Yaya, hilo lilinichoma. Wewe umekwenda, na huyu ndiye kipande chako kilichobaki. Nilikaa nikajiuliza: gogo moja lililooza, lina thamani gani? Si nimwache apate mama mtakatifu, mimi nibaki na mtoto? Karibu nikubali. Lakini nilikuona umekaa matopeni unacheka, nikajua nikikubali nitakuwa nimekuzika mara ya pili, tena mimi mwenyewe.

Siku ikafika. Turubai limefungwa uani, sufuria zinachemka, wakwe wamekaa mbele kwa suti zao. Pastere Trésor alisoma yeye. Ana sauti nzuri, simnyimi haki yake. Akafika Kapolowe. Mamba akatokea. Ukainua mkono.

"Uongo!"

Alikuwa Mama Kalenga, yule mnene wa ukoo wetu wa mbuzi. "Uongo, Pastere! Minye nilikuwa mu maji! Minye njo nilibatizwa siku ile, na huyu chui alinikanyaga muguu akikimbia gogo!"

Kelele zikalipuka. Kumbe waliokuwepo walikuwa wengi, kila mmoja amekaa na lake moyoni akidhani amebaki peke yake. Mmoja akasema wigi lilikuwa jekundu. Mwingine, jeusi, tena la kuazima! Huyu akasema ulikimbilia upande wa kanisa, yule upande wa barabara, wa tatu akaapa kwamba gogo lilivutwa na wavuvi wawili, mwingine akasema ulikuwa umati. Waligombana juu ya kila kitu, Yaya, isipokuwa mambo mawili: lilikuwa gogo, na ulikimbia. Nilisimama katikati ya fujo ile nikacheka peke yangu, maana ulinifundisha jambo hili mara ngapi na nikakataa? "Bakisema sawasawa neno kwa neno, njo ujue balipatana."

Kisha Mama Kalenga akanigeukia. "Mwalimu! Weye ulishika viatu. Sema!"

Watu wote wakanitazama. Mimi nikamtazama Solange. Alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni na kanga ya kilio kichwani, na uso wake ulikuwa mgumu, sikuweza kuusoma. Nikafikiri, basi, leo ninampoteza.

Akaniuliza, si kwa sauti kubwa: "Mama alikimbia kweli?"

"Alikimbia, mwanangu. Kuliko wote. Na gogo lilipotolewa, alicheka kuliko wote."

Akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ni kilio. Ni kicheko, Yaya. Kicheko chako kile kile kisicho na breki. "Njo yeye," akasema, ndiye mwenyewe. "Njo mama yangu! Yule mwingine, mama wa kwenye karatasi ya Pastere, minye nilikuwa sijui nimulilie namna gani." Na hapo ndipo alipolia, sasa kwa mtu anayemjua. Mama Kalenga hakungoja ruhusa. Alifunga kitenge, akakiacha kianguke, akakimbia uani kote akipiga mayowe, na mkwe mmoja mzee wa Lubumbashi alicheka mpaka akavua miwani. Ulichekwa vizuri, dada yangu. Ulichekwa kama mtu aliyependwa.

Sasa tupatane, lakini kwa masharti yangu. Mwisho wa Marko uliongezwa, hapo sirudi nyuma hata hatua moja. Kwamba kitabu kilishuka kutoka mbinguni kimeshafungwa jalada, sitaki kusikia. Lakini yule kijana wa Gethsemane aliyeacha shuka mikononi mwa askari akakimbia uchi, ambaye Mathayo na Luka walimwacha nje, na Petro akimkana bwana wake mbele ya mjakazi, na wale wanawake wa kaburini, wakati ambapo neno la mwanamke halikuwa na uzito mbele ya mwamuzi... Ulisema: "Muntu gani anaweza kujitungia aibu yake mwenyewe?" Hakuna, Yaya. Anayetunga hutunga mamba. Aliyeona husema gogo. Hiyo nimekuachia, ni yako, na usijivune sana huko uliko.

Pastere Trésor, nisimwonee, alikuja baadaye kuomba vitabu. Sasa Jumamosi anakaa juu ya gunia lako na kubishana. Anaamini Mathayo alikuwa na kalamu mkononi pale mlimani, anaandika huku Bwana akihubiri. Ninampiga vibaya. Anarudi. Nimeanza kumpenda.

Na Solange huja Jumapili baada ya ibada yenu na misa yetu. Anakaa, anavua viatu, ananiambia: "Mama mwalimu, nipe ingine mbaya ya mama." Namwambia. Jumapili iliyopita nilijikuta naongeza chumvi, kidogo tu, ili kicheko kiwe kirefu zaidi. Mimi! Nilikata maneno katikati, nikaanza upya. Basi hii ndiyo ahadi yangu kwako: nilichokiona nitamwambia nilikiona, nilichokisikia nitamwambia nilikisikia kwa nani, na zile siku ulizonishinda mbele ya wateja nitazisema pia, ingawa zitanichukua muda kuzikumbuka.

Pumzika, Yaya. Na kama unakutana na watu huko, mtafute yule aliyeandika Barua kwa Waebrania, umuulize jina lake. Huku duniani tumebishana karne na karne. Lakini usinijibu upesi. Sina haraka ya kuja kusikia.

Mdogo wako,
Fébronie