Sufuria Moja, Mafundo Mawili

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize wewe, maana nikimwambia padre atamwambia wifi yangu, na nikimwambia mchungaji atamwambia shemeji yangu, na hao wawili ndio shida yenyewe. Mume wangu Fulgencio alifariki mwaka jana wakati wa mvua, alikuwa Mkatoliki asubuhi na mlokole jioni, alikuwa akiwasha mshumaa wa dada yake Hortensia huku akipiga mluzi nyimbo za kanisani kwa kaka yake Abundio, na aliponiaga hospitalini aliniomba kitu kimoja tu, hao wawili wamwombee chini ya paa moja. Basi zile siku tisa za maombi baada ya mazishi Hortensia alishika chumba na rozari yake, Abundio akashika ua na gitaa na kipaza sauti, mimi nikawa jikoni nalia na kufunga tamali, unga wa mahindi na nyama ndani ya jani la mgomba. Abundio akachungulia, akauliza, “Shemeji, hizo zimepitishwa mbele ya picha za watakatifu? Maana sisi hatuli vya huko.” Nilikuwa nimechoka, nikamwambia zenu zina sufuria yake, zina mafundo mawili, za wifi zina fundo moja. Sufuria ilikuwa moja, Mshauri. Nilibadilisha mafundo ya kamba tu. Wakala siku zote tisa, na siku ya mwisho Hortensia akasema ili ua mzima usikie, “Za walokole hazina ladha, zimepikwa bila baraka,” na Abundio akamjibu, “Dada, zenu zinanuka ubani, kula polepole usipaliwe na mtakatifu.” Sasa kumbukumbu ya mwaka imekaribia, na kila mmoja anasema hakanyagi kwangu mpaka niitupe sufuria ya mwenzake. Nikisema ukweli nitawakosa wote, nikinyamaza nitakuwa nimemnyima Fulgencio ombi lake. Nifanyeje?

Eulalia, Jalapa

Eulalia, pole sana kwa msiba. Pole imekwisha, sasa nikugombeze. Umewadanganya waombaji siku tisa, na uongo wa jikoni ni uongo kama mwingine. Lakini hao wawili nao waone aibu, watu wazima kushindania ladha ya chakula kimoja mbele ya mjane. Bwana Yesu aliomba wafuasi wake wawe kitu kimoja. Sikumbuki kama alisema isipokuwa wakati wa kula.

Usiwaalike kwenye kumbukumbu, watakataa. Waite siku ile ya kupika. Mwambie kila mmoja kwamba kazi imekuzidi na kwamba mwenzake anakuja kusaidia. Atakuja, hata kama ni kuhakikisha mwenzake haharibu. Hortensia akande unga, Abundio apanguse majani. Mikono ikishajaa, sema ukweli wote. Mtu mwenye unga hadi viwikoni haondoki kwa hasira kirahisi. Lazima kwanza amwagiwe maji, na mwenye kata ni mwenzake.

Watapiga kelele. Usijitetee, usichague upande. Tamali zikiiva, Hortensia asali rozari yake, Abundio aimbe, bila kipaza sauti, chumba kimoja. Wewe kaa katikati yao. Mmoja akiinuka kwenda uani, mwambie, “Kaa, mimi ndiye mjane.” Hakuna kanisa lenye jibu la hilo.