Chumba Chako Kilichopigwa X

Ipagala, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Na ule mguu unaovimba ukisimama sana kuuza samaki? Mimi ni mzima, mikono tu imechubuka, na sababu utaisikia. Tabu mdogo wangu, msomee Mama taratibu, wala usicheke ninapojisema vibaya.

Mama, kile chumba nilichokujengea ili uje mjini utibiwe macho hakipo tena. Nimekibomoa mwenyewe. Nimeona niandike maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Kosa ni langu. Aliyeniuzia kiwanja alinionyesha mstari wa minyaa akasema mpaka ndio ule. Huko kwetu Mtera nani anabishana na minyaa? Nikajenga mpaka nikaigusa, sikuuliza ramani wala kibali. Kikabaki kuezekwa tu.

Ndipo akaja afisa mipango miji wa halmashauri, dada mmoja mwembamba, mkononi ana kopo la rangi nyekundu. Akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, kaka. Kibali cha ujenzi kiko wapi?"

"Kibali cha nini? Hiki ni chumba cha mama."

"Hata mama anajengewa kwa kibali."

Akavuta futi kamba kutoka kona ya jirani, akaomba jembe, akachimba mwenyewe. Jembe likagonga zege. Ilikuwa bikoni, lile jiwe la mpaka la wapimaji, nalo lilikuwa upande wa huku, karibu na nyumba yangu. Chumba chako chote kilikuwa ng'ambo yake, kwenye njia ya maji ya mvua. Akachora X ukutani.

Niliwaka. Nikamwambia wanatuonea sisi wanyonge, mbona ukuta wa tajiri jirani yangu hawaugusi? Alikwenda akafunua maua yaliyotambaa kwenye ukuta ule. X ilikuwepo, imepauka, ya siku nyingi kuliko yangu. Niliona aibu, Mama.

Angeweza kuondoka na rangi yake. Badala yake akakaa juu ya ndoo yangu ya zege, akanisomea notisi yote, siku nilizopewa, na ofisi ya kupeleka pingamizi kama sikubali. Kisha akasema, "Wewe ni fundi. Bomoa mwenyewe, matofali utayatoa mazima. Greda halichagui."

Nikayatoa moja moja. Siku ya mwisho greda likaja kwa jirani, dada yule akilisimamia. Tajiri akamnyooshea simu, eti kuna mkubwa anataka kuongea naye. Dada yule hata hakuipokea.

"Mwambie alete barua. Simu haina muhuri."

Ukuta ukaenda chini. Nilimvulia kofia siku ile, ingawa moyoni bado nilikuwa nanung'unika. Unanijua nilivyo mbishi, nimerithi kwako.

Wiki iliyopita mvua ikanyesha mchana kutwa. Maji yakashuka mekundu kutoka mlimani, yakang'oa minyaa yote na mizizi yake, yakapita palepale nilipopanga kuweka kitanda chako. Nilisimama mlangoni nikiyatazama mpaka yakapungua. Kwa macho hayo, Mama, usingeyaona yakija.

Kibali nimekipata. Chumba kinahamia upande wa pili, kwa matofali yaleyale. Dada yule alikuja kukagua msingi. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kumshikia futi kamba. Yeye akauliza tu, "Mama anafika lini? Nitakuja kumsalimia."

Nisalimie mjomba mwenye mitumbwi, na shangazi wa kanisani anayekuombea macho. Mwambie aongeze na dada mmoja wa halmashauri, Mungu atamjua.

Ni mimi mwanao, niliyekubomolea, na ninayekujengea tena,

Yohana