Alama za Chaki Nilizozifuta

Chumba cha Pili,
Nyumba ya nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa Shangazi, somo yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokuwa likikusumbua kwenye ngazi za kazini limeanza kukuonea huruma. Je, baridi ya huko imepungua? Na wale majirani zako wa juu, bado wanaburuta viti alfajiri? Sisi huku hatujambo. Mgongo wa Mama unauma na kupoa, lakini zahanati bado anaipiga deki yote peke yake na hataki kusaidiwa. Mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo, utajionea mwenyewe ukiendelea kusoma.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, ilhali umenitumia chombo cha kisasa. Nimejaribu kuyaandika haya kwenye simu ya Mama mara tatu, na mara tatu nimeyafuta. Kwenye simu mtu huwa na haraka ya kusema "poa". Tena kuna jambo nilikudanganya, nami nimeona heri niutengue uongo huo kwa mkono wangu mwenyewe.

Ulipouliza hicho kishikwambi ulichonitumia kimepokewaje, nilikujibu kwamba nyumba nzima imefurahi, Baba kuliko wote. Nusu ya jibu hilo ilikuwa kweli.

Furaha yangu haikuwa ya kuigiza, naomba uiamini. Kwanza nilishangaa wepesi wake. Kitabu cha Biolojia peke yake kilikuwa kinanikunja bega, na sasa kimo mle ndani pamoja na wenzake kumi na wanne, na chombo chenyewe hakizidi uzito wa sahani. Neno likinishinda naligusa, na maana yake inajitokeza. Herufi nazikuza mpaka ziwe kama za bango. Nikiandika "figo", zinakuja kurasa zote zenye figo. Wiki ya kwanza sikusoma, Shangazi. Nilikuwa natafuta tu, figo, ini, wengu, kama mteja wa buchani.

Jina lake nalo lilituchekesha. Mama Vifungo, yule anayeshona vifungo na matundu yake katika chumba cha ushonaji cha Baba (ulimwona kwenye picha, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi), aliuliza, "Kishika nini?" Nilipomrudia akasema jina refu hivyo lingemfaa mtu anayedaiwa, ili wanaomdai wachoke kabla ya kumaliza kumwita. Baba hakulitaja hata siku moja. Yeye alikiita kibao.

Sasa nifike penye mwiba.

Vitabu vyangu vilikuwa vinakaa kwenye rafu ya chumba cha ushonaji, juu ya meza ya pasi, kwa sababu nyumbani hapatoshi na kule kuna mwanga mzuri. Siku ya tatu baada ya kishikwambi kufika, nilivishusha vyote, nikavifunga kwa ukanda wa kitambaa, nikaamua kumpa binti wa jirani ambaye yuko madarasa mawili nyuma yangu. Nilijiona mkarimu kweli kweli. Baba alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Akaitazama rafu, akautazama mzigo, akauliza:

"Vyote?"

"Vyote, Baba. Sasa maktaba nzima iko kwapani."

"Haya. Mtoto wa watu atafaidi," akasema, akaendelea na pasi yake.

Kesho yake rafu ilikuwa imepangwa nyuzi, rangi kwa rangi. Nikafurahi kwamba nimempatia nafasi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja hata mwezi uishe. Jumamosi moja nilipita pale nifupishiwe sketi, nikamkuta Mama Vifungo peke yake, Baba amekwenda kununua bitana.

"We binti, hebu kaa hapo," akaniambia. "Baba yako umemfanya nini?"

"Mimi? Sijamfanya kitu."

"Mbona hasomi siku hizi? Saa saba ikifika anakaa anatazama barabara tu. Miaka miwili nimemzoea na kitabu mapajani."

Nilicheka, nikidhani anamsema mtu mwingine. Ndipo akaweka sindano chini akanieleza. Kila mchana, wateja wakipungua, Baba alikuwa anasoma vitabu vyangu, sura moja nyuma yangu. Alijua nilipofika kwa kile kipande cha karatasi ninachokiacha katikati ya kurasa. Alikuwa amechukua fomu ya watahiniwa wa kujitegemea, afanye mtihani mwaka mmoja baada yangu, akaificha kwenye kasha la zipu. Hakutaka tujue hadi cheti kiwe mkononi. Alimwambia Mama Vifungo kwamba akishindwa, ashindwe bila watazamaji.

"Na alama zake ulikuwa unazifutia nini?" Mama Vifungo akaniuliza.

"Alama gani?"

"Za chaki."

Shangazi, wewe umekulia na fundi, unajua chaki hutiwa mahali ambapo mkasi au sindano itarudi. Baba, kila asipoelewa, alikuwa anavuta kimstari cha chaki ya bluu pembeni mwa aya, ili siku akipata mtu wa kumuuliza, ajue pa kurudi. Mimi nilikuwa nakuta kitabu kina bluu bluu, nasonya, nachukua kitambaa nafuta. Tena nilisema kwa sauti, yeye akiwa hapo hapo kwenye cherehani, kwamba vumbi la chumba hiki litaniharibia vitabu. Mama Vifungo anasema Baba aliamini kwamba nimejua, na kwamba kufuta kule ndiyo njia yangu ya kumwambia kuwa kila mtu abaki na kazi yake. Tangu hapo akawa anachora vimstari vidogo zaidi. Navyo nikavifuta.

Sketi haikufupishwa siku ile. Nililia mpaka Mama Vifungo akanipa kipande cha kitambaa nifutie kamasi.

Jumatatu nilitoka shule nikaenda moja kwa moja na kishikwambi mkononi. Nikamwambia, "Baba, naomba tusome wote." Hakuuliza nimeambiwa na nani. Alimtazama tu Mama Vifungo, naye akajifanya ana uzi wa kutunga. Baba akanawa mikono, akaikausha vizuri, akaketi. Nikamfungulia sura aliyokuwa ameiachia njiani, ya mzunguko wa damu.

"Gusa hapa, Baba, halafu sukuma."

Akagusa. Kioo hakikumtambua. Miaka thelathini ya sindano na pasi imeifanya ngozi ya vidole vyake kuwa ngumu na kavu, na chombo kile kinataka kidole laini kama changu. Akajaribu kingine, akajaribu gumba, akabonyeza kwa nguvu, kurasa tisa zikaruka kwa pamoja.

"Hata mashine imejua mimi si mwanafunzi," akasema.

Tukacheka wote, lakini mimi kicheko kilikuwa cha hofu. Mwisho tukakubaliana nifungue mimi, asome yeye. Akasoma kwa midomo, polepole, kidole kikifuata mstari bila kugusa. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akisoma. Alipofika kwenye aya ya vali za moyo akasimama, mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, akatoa chaki, akavuta kimstari juu ya kioo. Nikasukuma ukurasa. Aya ikaondoka, kimstari kikabaki pale pale, sasa kiko pembeni mwa maneno mengine kabisa.

Mkono wangu nao, Shangazi, ukaenda wenyewe. Nilikifuta kwa upindo wa shati kabla sijafikiri.

Baba hakukasirika. Angekasirika ningepona. Alikichukua kishikwambi kwa mikono miwili, akanikabidhi.

"Hiki chako, mwanangu, kifanyie kazi. Mimi macho yamechoka."

Macho hayo hayo hutunga uzi kwenye sindano nyembamba bila miwani. Nilimuuliza kimstari kile kilikuwa cha nini, alikuwa hajaelewa wapi. Akasema ameshasahau.

Nilikwenda kwa binti wa jirani. Vitabu amevitia majalada ya gazeti na kuandika jina lake ndani kwa wino. Nilipomweleza, akanitolea cha Biolojia bila kinyongo. Baba akanirudisha nacho kutoka mlangoni: kitu ukishatoa umetoa, na mtoto hanyang'anywi kitabu kwa ajili ya mtu mzima. Nikakirudisha, kwa kuwa alikuwa na haki.

Fomu nayo ilitakiwa kurudishwa kabla ya mwisho wa mwezi uliopita. Siku hiyo imepita. Nimeichungulia kwenye kasha la zipu, Mungu anisamehe. Ameandika jina lake lote, na tarehe ya kuzaliwa. Mbele ya neno "kazi" ameandika "fundi cherehani na mwanafunzi". Kisha yale maneno mawili ya mwisho ameyakata kwa mstari mmoja, umenyooka kama amepimia rula.

Sikuandikii kuilalamikia zawadi yako. Zawadi haina kosa, na ninaisomea kila siku, maana mtihani wangu ni mwezi wa kumi na moja na sitaki kuongeza hasara juu ya hasara. Kosa ni langu, kudhani kwamba msomaji wa nyumba hii ni mimi peke yangu. Nilimwona Baba kila siku ya Mungu, nikajua idadi ya kola alizoshona, nisijue kwamba tuko darasa moja.

Kwa sasa nanakili ile sura ya mzunguko wa damu kwa mkono, kwenye daftari kubwa, nikiacha nafasi pana pembeni. Nimefika ukurasa wa saba, na mchoro wa moyo umenitoka kama viazi viwili. Sijui kama atalipokea.

Na sasa ombi langu. Mama ameniambia juzi tu kwamba wewe na Baba mlifaulu wote wawili kuendelea na masomo, nafasi ikapatikana ya mmoja, na Baba ndiye aliyesema aende mdogo wake. Sijui kama ilivyosimuliwa ndivyo ilivyokuwa, wala si juu yangu kukuuliza. Lakini kama ndivyo, basi yupo mtu mmoja tu anayeweza kumwambia arudi kusoma, na Baba akakosa ulimi wa kusema amechelewa. Usimpigie simu. Kwenye simu atakwambia tuko salama, kisha atampa Mama. Mwandikie. Mimi usinitaje, wala fomu usiitaje. Muulize tu vali za moyo zinafanya kazi gani, kana kwamba wewe ndiye uliyesahau.

Mama anakusalimu na anasema usiache kulisugua goti. Mama Vifungo anakusalimu pia. Anaomba radhi kwa kusema yasiyomhusu, ingawa sijamwona akijuta hata kidogo. Wasalimie wote wanaokutazama kwa wema huko ugenini. Mola akulinde uendapo kazini na urudipo, akuondolee upweke, na kila ulichompa mtu kwa moyo safi akurudishie kwa mlango usioutarajia.

Baba naye anakusalimu sana. Amenikuta naandika, akauliza barua ni ya nani, nikamwambia ni yako. Kisha akaniagiza nikwambie kwamba kibao ni kizuri mno, hukukosea kukituma, na kwamba hata yeye anakisomea kila mchana. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Ni mimi, somo yako,
nikupendaye na kukuonea haya.