Blanketi la Kupeleka Samosir

S.L.P. 61,
Rongai, Nakuru.
9 Agosti 2025.

Mpendwa Waithera,

Pokea salamu nyingi kutoka Rongai, mwanangu. Hujambo? Mumeo Togar hajambo? Na mama mkwe wako, ule mguu umepona? Mimi shangazi yako ni mzima, ila magoti yananisema kila nikiinama kupalilia. Mvua haikutunyima mwaka huu, na mahindi yamesimama vizuri.

Najua unasoma haya huku umemkodolea macho aliyekuletea. Ndiyo, ni baba yako huyo, hapo kisiwani Samosir. Mpe kiti na chai yenye maziwa, kisha usome mpaka mwisho kabla hamjaanza maneno. Togar alimpokea uwanja wa ndege wa Medan kwa siri. Usimgombeze, mpango ni wangu.

Tangu nilipotoka kwenu mwezi wa Machi, kanisani wamechoka kunisikia nikisifu Ziwa Toba. Huwaambia wafikirie kreta yetu ya Menengai imejazwa maji, halafu katikati kuna kisiwa chenye vijiji na mashamba ya mpunga. Hawaniamini. Sasa mpeleke kaka yangu akaone, arudi awe shahidi wangu.

Atakuuliza flamingo kama wa ziwa letu la Nakuru wako wapi. Mwambie maji ya Toba hayana magadi, hata kunywa yanafaa. Mpeleke Ambarita akaone vile viti vya mawe ambapo wazee walikuwa wakikaa kuamua kesi. Najua atajaribu kukalia kimoja, umzuie. Zile nyumba za mbao zenye mapaa yaliyopinda atazizunguka akitafuta misumari, na hazina hata mmoja. Kwenye maji moto chini ya Mlima Pusuk Buhit atakwambia ya kwetu Bogoria huivisha yai. Mkubalie tu. Maporomoko ya Sipisopiso muyaangalie kutoka juu, maana zile ngazi zilinitesa siku mbili.

Tomok usikose kumpeleka. Unakumbuka nililia pale, nikakudanganya ni vumbi? Ni lile sanamu la mbao linalocheza ngoma. Walisema lilichongwa kwa ajili ya mfalme aliyefiwa na mwanawe, ili angalau aone umbo lake likicheza. Nilimfikiria baba yako. Yule mfalme mtoto wake alikuwa amekufa. Wa kaka yangu yuko hai, anapika, anacheka, na bado alikuwa hataki hata kutajiwa jina lako. Iliniuma sana, Waithera.

Wewe ulidhani amekasirika kwa sababu uliolewa mbali. Siyo. Kila nilipomuuliza alinijibu, "Wachuka, huyo kijana alichukua msichana yangu na hata blanketi hakuleta. Mimi naonekana mtu bure?" Unajua desturi yetu: mkwe huja na blanketi kumheshimu baba wa msichana. Basi akakaa Rongai akingoja. Harusini hakuja, na simu akaacha kushika.

Halafu nilipokuwa kwenu Machi, siku ile ulipokwenda sokoni, mama mkwe wako alinifungulia sanduku lake. Ndani kulikuwa na ule ulos, kitambaa chao cha kufumwa, ambao mzee wa ukoo mwingine aliwafunika nao siku ya harusi akisimama badala ya baba yako. Kando yake palikuwa pametengwa nafasi tupu. Togar akanieleza kwamba kwao Wabatak, baba wa msichana ndiye huwafunika binti na mkwe kuwabariki. Ile nafasi ni ya kitambaa cha baba aliyekuzaa. Mama huyo amekuwa akijiuliza miaka minne wamekosa nini mpaka baba yako amnyime mtoto wake baraka.

Nilipomweleza baba yako, aliinuka. Akatoka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Aliporudi alisema tu, "Kumbe sisi wote tunangojana?" Kesho yake alikwenda Nakuru mjini, akakataa mablanketi ya maduka matatu mpaka akapata hilo jekundu. Tangu hapo nimekuwa nikimkuta sebuleni akifunika viti viwili, akilikunja na kuanza tena.

Binti yangu Becky na nyanya yako, cucu Wariara, wanakusalimu sana. Msalimie mama mkwe wako, umwambie ile nafasi ya sandukuni asiweke kitu kingine. Mungu aliyewalinda mkiwa mbalimbali awape sasa siku nyingi za kukaa meza moja.

Ukimaliza kusoma, mwite Togar msimame bega kwa bega. Blanketi liko kwenye mfuko ambao baba yako hakubali mtu amshikie. Togar naye ana la kumfunika mzee, nilimwambia anunue. Lakini usiwaache waangaliane ni nani aanze, mwanangu. Wameshangojana miaka minne.

Ni mimi nikupendaye, na ninayengoja picha,
Shangazi yako Wachuka.