Samli Kwenye Taipureta

Baba Sesilia,

Maharage yameiva, bado kuungwa. Mama apelekewe uji wake. Mbuzi wahamishiwe kivulini.

Taipureta ya kijiji nimeondoka nayo kichwani, naipeleka ofisini. Asubuhi ilipogoma tena ulicheka mbele ya wanao, ukasema mashine imeukataa mkono wa mwanamke, bora nikuachie wewe ukatibu. Ulipokwenda shamba nikajiuliza: mbona inagoma asubuhi kwenye baridi tu, jua likipanda inakwenda? Nikaisogeza karibu na moto. Herufi zikalegea, nyumba nzima ikanukia samli. Kumbe ndiyo "grisi" uliyoipaka juzi! Samli inaganda kwa baridi, baba. Nimeisugua yote kwa mafuta ya taa na mswaki, sasa inakimbia.

~~Nitarudi mapema nipike ugali.~~ Ugali songa mwenyewe. Barua ya kijiji ya kuomba bomba la maji inaondoka leo na basi la Kilosa, na jina la katibu chini yake ni langu.

Samli iliyobaki ungia maharage. Mswaki niliotumia ni wako. Tafuta mwingine.

Mama Sesilia,
Katibu wa Kijiji